Usukani Ambao Sikuukaza

Naanza na la aibu, kwa sababu wakata miwa waliliona na sidhani watanyamaza. Nilishuka mteremko na baiskeli ambayo usukani wake sikuukaza. Ningekuwa nimesahau ingekuwa nafuu, maana kusahau ni ugonjwa wa kila mtu. Mimi niliuacha hivyo nikijua, spana ikiwa mkononi, akili zangu zote zikiwa nyumbani.

Kwenye kona ya chini nilivuta kushoto. Usukani ukaja kushoto kwa utiifu kabisa, ila gurudumu la mbele halikupata habari. Liliendelea na safari yake, nami nikabaki nimeshika pembe za ng'ombe aliyekwisha kuondoka. Nikaingia kwenye shamba la miwa kifua mbele. Miwa iliyokomaa haipendi kukumbatiwa. Majani yake yalinichora uso na shingo, na nilipotua chini kifundo cha mkono kilikuwa chini yangu.

Wakata miwa walikuwa wamekaa kando wakinywa uji. Hawakucheka mara moja, nawapa sifa hiyo. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekuja kutafuta kibarua, kwa sababu wanaotafuta kibarua huwa wanapitia kwa msimamizi, hawatokei katikati ya shamba. Nilimjibu kwamba naenda kazini Asumbi. Akaniambia Asumbi watu huifuata kwa barabara. Hapo ndipo wakacheka, na uji ukamwagika.

Sasa, ili ieleweke kwa nini mtu mzima aliyefika kidato cha nne anaweza kuiacha nati ikiwa legevu kwa hiari yake, lazima nimtaje mwenye baiskeli, ambaye si mimi.

Baiskeli ni ya mke wangu. Aliinunua kwa jasho la kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka mingi baada ya mimi kumtoa kwao Sindo, kando ya ziwa, na kumleta huku kwetu upande wa Rongo, kwenye miwa. Alipofika alilalamika kwamba nchi yetu haina mwisho. Mtu anatembea, alisema, miwa, miwa, tena miwa, mpaka miguu inakata tamaa. Kwao nchi inaisha mahali. Unaona maji, unajua umefika. Nilimwambia atazoea. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza amezoea lini.

Ni mwanamke mfupi, na hapendi kuambiwa. Usukani aliushusha mpaka mwisho, hadi shingo ya usukani ikamezwa yote na fremu, kisha akauinamisha kidogo umwelekee. Siku za soko alikuwa anafunga gunia la omena kwenye keria, anapanda, na kuinama vile, pua karibu na kengele, utadhani kuna kitu kimeandikwa kwenye gurudumu la mbele na yeye peke yake ndiye anayeweza kukisoma. Mpira wa mishiko ulipochanika alichana leso ya zamani vipande vipande akaizungusha pale, akafunga kwa fundo dogo upande wa ndani. Vitambaa hivyo vimenywa omena ya miaka. Mpaka leo nikiegesha baiskeli mbele ya duka ninapofanya kazi Asumbi, paka wa kituo kizima wananijia kama mbunge.

Mvua fupi zilipokuwa zinaisha, mama yake alianguka kwenye uwanja wa kuanikia omena, akaumia nyonga. Mke wangu alifunga nguo zake kwenye mfuko mmoja. Alisema anaenda kumwangalia na atarudi miguu ya mama ikipata nguvu. Siku anaondoka nilimuuliza baiskeli je. Alikuwa amesimama mlangoni akijifunga kitambaa kichwani.

"Panda wewe," akasema. "Lakini usinivurugie."

Miguu ya mama ilipata nguvu kidogo, kisha ikaghairi. Na omena haingoji nyonga ya mtu; mashua zikija lazima mwenye kupokea awepo, mwenye kuanika awepo, mwenye kukimbia na turubai mvua ikianza awepo. Basi akawa ndiye huyo. Alikuwa ananipigia simu jioni. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mgeni anayelalamika kuhusu godoro. Baadaye ikawa ya mtu mwenye shughuli, mara ananikatiza kumwambia mtu asimwage pale, amwage kule. Halafu usiku mmoja nilisikia anacheka na watu walio nyuma yake, kicheko cha kutoka tumboni, na nikatambua kwamba sikuwahi kukisikia kicheko hicho kwenye nyumba yangu. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata. Kuanzia hapo nilikuwa na swali moja tu, kama atarudi au harudi, na sikuwa na mdomo wa kuliuliza.

Mtu mwingine angeenda Sindo kuona mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivi kama mtu anavyosema ana pumu. Sekondari nilisoma ya kutwa, na si kwa sababu ya karo peke yake. Marehemu mama alijua nikipelekwa bweni watamrudishia. Katika maisha yangu nimelala nje mara chache sana, zote matangani, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikijiuliza kama nilifunga dirisha la jikoni. Watoto wetu wawili wako bweni wote, wanakula na kulala huko bila wasiwasi, kwa hiyo najua ugonjwa huu haurithiwi.

Nilipopata kazi Asumbi, kwenye duka la misumari na mabati, mwenye duka alinionyesha chumba nyuma ya stoo. Kitanda kipo, alisema, na dirisha, na sufuria. Nilimshukuru nikamwambia nitafikiria, na nilikuwa nimekwisha kufikiria kabla hajamaliza sentensi. Ndiyo maana naendesha baiskeli. Kila asubuhi natoka kaunti ya Migori naingia ya Homa Bay, na kila jioni narudi kuangalia kama nyumba ipo. Huwa ipo.

Lakini ule usukani. Mimi ni mrefu, si wa kutisha, ila kwa baiskeli ile nilikuwa twiga anayekunywa maji. Nikikanyaga pedeli goti lilipanda likagonga mshiko, mara la kulia, mara la kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba mbili. Uzito wote wa mwili ulikalia viganja. Vidole vidogo vikaanza kufa ganzi, kwanza njiani tu, kisha hata nikiwa nimeshika kikombe. Shingo nayo ilikataa kuinuka. Nilijua kila kiraka cha lami kati ya nyumbani na Asumbi, na sikujua jirani zangu wanavaa nini. Watu walinisalimia nikawajibu kupitia barabara.

Kila mtu alikuwa na dawa, na dawa ilikuwa moja: inua usukani, bwana. Nilikuwa nasema sina spana. Wakiniletea spana nasema nati imeshika kutu. Fundi wa baiskeli pale kituoni alinipita siku moja nikiwa nimejikunja vile, akapunguza mwendo akaniuliza kama nimedondosha kitu. Ukweli sikumwambia yeyote. Urefu ule ulikuwa wake. Kila asubuhi nikishika vile vitambaa vya leso mikono yangu ilikuwa mahali mikono yake ilipokuwa, na magoti yakigonga nilikuwa najiambia, si kitu, ni ya muda, mwenyewe anakuja, ataikuta ilivyo. Maumivu yenyewe yalikuwa yananiambia kwamba baiskeli si yangu. Niliyapenda kidogo. Mtu akikaa peke yake anapenda vitu vya ajabu.

Vidole ndivyo vilivyonishtaki. Nilikuwa napimia mteja misumari, nikafikiri nimeshika sahani ya mizani, kumbe vidole vilikuwa vimekwisha kuondoka kazini. Misumari yote ikaingia kwenye mfuko wa simenti uliokuwa wazi. Mteja akauliza kama sasa anauziwa misumari au ukuta uliokwisha kujengwa. Mwenye duka alicheka naye, kisha mteja alipotoka akaacha kucheka. Aliniambia nichague, baiskeli au mikono, kwa sababu yeye aliniandika kazi kwa ajili ya mikono.

Nikaenda kwa fundi. Sikumpelekea baiskeli, nilimpelekea maswali tu. Ungeona ajabu, lakini fikiria: kituo chetu kina macho, na baiskeli ya mke wangu inajulikana kuliko mimi. Ikionekana imefungwa kichwa chini pale kwa fundi, usukani umeng'olewa, habari ingefika Sindo kabla sijafika nyumbani, na ingefika imenenepa. Kwa hiyo nilisimama pale kama mtu anayepita tu nikamuuliza, kwa mfano, mtu akitaka kuinua usukani anafanyaje. Fundi alinitazama mgongo. Akasema kwa mfano mtu huyo alegeze nati ya juu, asiitoe; aweke kipande cha mbao juu yake na kuigonga, asipige chuma kwa chuma; shingo ikiachia aivute, ila kuna mstari umechorwa kwenye ile shingo na mstari huo usitoke nje, ukitoka ni mazishi. Akishamaliza akaze, abane gurudumu la mbele katikati ya magoti, azungushe usukani kwa nguvu. Ukizunguka peke yake, hajakaza. Akanipa spana, kwa mfano.

Nilifanya kazi hiyo Jumapili baada ya misa, nyuma ya nyumba. Lakini nyuma ya nyumba yangu ni mbele ya nyumba ya jirani. Jirani huyu ni mjane, anauza ndizi sokoni, na ndiye rafiki wa karibu kabisa wa mke wangu tangu alipokuja kuolewa. Ni Msabato wa kweli. Jumamosi hagusi jembe wala jiko, ila kunisema mimi hakuhesabiki kama kazi. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wake wa ua akichambua maharagwe. Aliniuliza kama Jumapili yetu haina shida na spana. Nilimwambia ni matengenezo madogo. Akasema hata Nuhu alianza na ubao mmoja, akaendelea na maharagwe yake, lakini mkeka ulikuwa umesogea.

Nililegeza nati. Nikaweka mbao, nikagonga, na kitu ndani kikaachia kwa sauti ndogo. Nikavuta. Sikutarajia nilichokiona. Shingo ilitoka ikiwa safi kabisa, inang'aa, na grisi ya rangi ya asali bado imeikalia. Sehemu yote ya nje ya baiskeli imechujuka kwa jua na mvua, lakini kipande hiki kilikuwa kipya kama siku aliyoinunua, kama ngozi iliyo chini ya saa ya mkononi. Na pale shingo ilipokuwa inaingilia kwenye fremu kulikuwa na alama ya kutu iliyozunguka, laini, inayoonyesha mahali ilipokaa miaka yote. Urefu wake yeye.

Niliinua mpaka kabla ya mstari wa fundi. Nikanyoosha usukani uangalie mbele. Kisha nikashika spana nikaanza kukaza, na mkono ukasimama. Nilijiambia nikikaza sana kutu itashika, halafu akija nitaanza tena kugonga. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa na sura ya ufundi. Sababu yenyewe ni kwamba nilihisi kila mzunguko wa spana ni kama kusema: harudi, harudi, harudi. Nikaiacha nati ikiwa nusu. Imara kiasi cha kusimama, legevu kiasi cha kungoja. Gurudumu sikulibana kwa magoti. Nilijua jibu.

"Umemaliza?" jirani akauliza kutoka ng'ambo.

Nikasema nimemaliza.

"Mbona haraka hivyo?"

Nikasema nati ilikuwa laini. Na kesho yake asubuhi wakata miwa wakaniona.

Siku ile nilifika Asumbi nikikokota baiskeli, na jioni nikarudi vilevile, kifundo kimevimba. Jirani aliniletea maji ya moto yenye chumvi kwenye beseni. Hakuuliza kitu. Alisimama pale mlangoni mpaka mkono ukaingia majini, akasema beseni lake nilirudishe likiwa kavu, akaenda. Nilifikiri amenihurumia. Kumbe alikuwa na simu ya kupiga.

Mke wangu aliponipigia nilimwambia tumeshinda salama. Akaniuliza kama miwa ya mwaka huu ina sukari. Akacheka, cheko lile la Sindo, na kwa mara ya kwanza lilikuwa langu mimi, kwa hiyo nilikubali kuchekwa. Nilimsimulia ng'ombe aliyeondoka akaniachia pembe. Nilimsimulia yule wa uji. Alicheka mpaka akaomba nisimame kidogo, ashike pumzi. Nyuma yake nilisikia maji. Au upepo kwenye turubai, sijui. Sijawahi kukaa huko muda wa kutosha nikavitofautisha.

Halafu akauliza, "Kwa hivyo uliinua?"

"Kidogo."

"Na haukukaza."

"Nilikaza nusu."

"Kwa nini nusu?"

Hapa mtu mwenye akili angesema neno moja la maana. Mimi nilisema nati ni kuukuu. Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza kwenye simu unasikia kabisa kwamba bado yupo, anakungoja upite upande wa pili. Sikupita.

"Inua mpaka ikufae," akasema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Ukaze vizuri. Sitaki kusikia umevunjika."

Ungeweza kuyaweka maneno hayo kwenye mizani ya duka letu usijue yamelalia upande gani. Mimi niliyasikia kama talaka. Basi kwa hofu nikapata mdomo, nikauliza lile swali: unarudi lini. Akajibu kwa swali lingine, la haki kabisa, kwamba mimi naenda lini. Tangu aondoke sikuwa nimekanyaga huko hata kumpa mama pole ya nyonga. Nilikuwa nimetuma pole kwa simu, na kuku mmoja kwa mtu.

Nilikuwa na jibu tayari, la kiungwana, la kimila. Nilimwambia anajua vizuri kwetu mkwe halali ukweni. Yeye anakaa ndani ya boma la mama yake. Mimi nikienda Sindo kwa umbali ule, lazima usiku unikute, na usiku ukinikuta nitalala wapi bila kumvunjia mama heshima? Nilisema yote hayo kwa sauti ya mzee wa ukoo. Nikaongeza kwamba na hawa kuku nitamwachia nani.

"Sikukuambia ulale," akasema. "Nilisema uje."

Akaniambia Sindo kuna gesti kama miji mingine, na kuna magari ya kurudi Homa Bay mchana kama mtu anaogopa shuka za gesti. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi. Kisha akaniambia mashua zimefika, usiku mwema, na kwamba mkono niupake mafuta.

Nilikaza ile nati siku iliyofuata, kwa mkono usioumwa, mpaka spana ikalia. Nikabana gurudumu katikati ya magoti nikazungusha kwa nguvu zote. Usukani na gurudumu vilikuwa kitu kimoja. Vitambaa vya leso sikuvigusa.

Sitadanganya: raha niliipata. Mgongo ulinyooka. Magoti yalizunguka bila kumgonga mtu. Vidole vikarudi kimoja kimoja, kama watoto waliotumwa dukani wakapotelea mchezoni. Nilianza kuwaona watu ninaowasalimia, na wao wakashangaa kwamba nina uso. Yule wa uji sasa akiniona ananinyooshea panga kuelekea barabarani, nisije nikapotea.

Lakini kuna kitu ambacho usukani wa chini ulikuwa unanificha. Kabla ya kufika Asumbi kuna mahali barabara inapanda, na ukifika juu, asubuhi ya anga safi baada ya mvua, mbali kabisa upande wa Homa Bay unaona ukanda mwembamba wa rangi ya bati. Sijui kama ni ziwa ama ni mapaa ya watu. Nimeuliza, kila mtu ana jibu lake. Miezi yote nilipita pale nikisoma lami. Sasa kila asubuhi nafika juu, nasimama mguu mmoja chini, natazama. Najiambia kama ni ziwa, basi Sindo iko ng'ambo kule kwenye ziwa hilohilo, na muda huu omena ya jana imekwisha kuanikwa, na yeye ameinama juu ya nyavu vile anavyoinama, akisoma. Nikimaliza kujiambia hivyo nachelewa kazini. Zamani nilikuwa na maumivu ya mgongo yakinishughulisha. Sasa sina hata hayo.

Wiki jana nilipeleka beseni la jirani. Lilikuwa kavu, nilikuwa nimelikausha mara mbili. Alikuwa amekaa jikoni kwake mlangoni anamenya ndizi za kupika. Nilisimama pale nikajikuta namsimulia, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiye mtu pekee anayemjua mke wangu kama ninavyomjua mimi. Nilimsimulia jinsi baiskeli ilivyokuwa tamu siku hizi. Nikamwambia kuhusu ule ukanda wa bati. Nikasema kwa usukani ule mtu angeweza hata kupita Asumbi akaendelea, akateremka mpaka Homa Bay mjini, akaiacha baiskeli kwa mtu, akapanda gari la Sindo. Nikasema asubuhi hiyo nilisimama pale juu muda mrefu kuliko siku zote, na kidogo niendelee. Kidogo tu.

Aliendelea kumenya. Akauliza ni nini kilinirudisha.

Nilimweleza habari ya mkwe na ukweni. Alitikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu mila ni mila. Nilimweleza habari ya kazi, akasema mwenye duka ana roho nzuri, atanipa ruhusa, na Jumapili si kazi. Nikaona ua umebaki na upenyo mmoja, nikapitia hapo: nikasema na wale kuku, mama, siwezi kuwaacha tu hivi, wamenizoea.

Akaweka kisu chini. Akajipangusa mikono kwenye leso, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye miguu na kurudi, kama anayekagua mkungu wa ndizi.

"Jaduong', mzee wangu," akasema, "hao kuku ni mimi hulisha, na hata usipoonekana mwezi mzima hawataniuliza uko wapi. Bibi yako ndiye huniuliza kila siku. Nenda Sindo."